Ekstensheni, chaja na pawabanki melini: ukiona tatizo hili, anzia hapa

Kila msimu wa likizo malalamiko ni yale yale. Aliyepanda meli ya usiku kutoka Mwanza kwenda Bukoba anasema simu ilizima kabla hawajafika bandari ya Kemondo, na ilikuwa kwenye chaji muda wote. Aliyekwenda kupanda meli ya kitalii baharini anasema ekstensheni yake iliishia mezani kwa walinzi wa ukaguzi. Mwingine alichomeka jagi la umeme achemshe maji ya chai, vyumba vya jirani vikaingia giza, na sasa anataka kujua meli ina ubovu gani.

Mara nyingi meli haina ubovu wowote. Shida ni kwamba tunafungasha vifaa vya umeme kama tunaohamia nyumba nyingine, na umeme wa melini haufanani na wa nyumbani.

Maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta yako, anza na sababu ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayotokea zaidi, kisha shuka. Palipoandikwa SIMAMA, acha hapo hapo, usijaribu mara ya mwisho. Kama unavuka kwa kivuko cha Kamanga tu, au unakwenda kisiwa cha Saanane kuangalia pimbi na kurudi, yakuhusuyo ni machache: toka nyumbani na simu iliyojaa.

Umechomeka, hakuna kinachowaka

Kabla ya kumlaumu yeyote fanya vipimo viwili. Chomeka kifaa kingine unachojua ni kizima kwenye soketi ile ile. Kisha peleka chaja yako kwenye soketi nyingine. Kifaa kingine kikikubali, tatizo ni lako. Kikikataa nacho, tatizo ni la soketi. Inachukua dakika moja, lakini wengi huiruka na kuanza kufungua plagi kwa kisu.

Soketi ikiwa ndiyo imekufa, sababu ya kwanza ni swichi. Soketi zetu zina swichi pembeni, na usiku chumbani mtu huigusa kwa begi bila kujua. Kwenye meli nyingi za kitalii soketi hazina swichi kabisa, badala yake pana kitundu karibu na mlango cha kuchomeka kadi ya chumba. Ukitoka na kadi yako, taa na baadhi ya soketi huzimika nyuma yako. Ndiyo maana unaacha simu inachaji, unakwenda kula, unarudi unaikuta pale pale kwenye asilimia 12. Uliza mhudumu ni soketi ipi inabaki na umeme kadi ikitolewa.

Sababu ya pili ni plagi ya miguu miwili iliyosukumizwa kwenye soketi ya matundu matatu. Sote tunaujua mchezo huu: unachukua kalamu au kijiti, unabonyeza tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke, unasukuma plagi ya mviringo inaingia. Nyumbani watu wameufanya miaka mingi. Melini achana nao. Miguu ya mviringo haishikwi sawasawa na bati za ndani, na meli inatikisika muda wote kwa injini zake. Plagi italegea, itakuwa inagusa na kuachia, na mgusano wa namna hiyo huzaa joto. Adapta ndogo ya kubadilisha miguu miwili kuwa mitatu ni ya bei ndogo na ipo maduka yote ya vifaa vya umeme mjini. Iweke kwenye begi.

Ya tatu ni fyuzi ndani ya plagi. Plagi ya miguu mitatu ya bapa inayotumika Tanzania ina fyuzi yake, mara nyingi ya ampea 3 au 13. Ikiungua, kifaa kinakufa wakati soketi ni nzima. Weka fyuzi yenye namba ile ile. Karatasi ya pakiti ya sigara na kipande cha waya si fyuzi, hata kama taa inawaka ukiviweka. Fyuzi mpya nayo ikiungua mara moja, SIMAMA: kifaa kina shoti ndani na usikichomeke popote tena mpaka fundi akione.

Ya nne, ambayo si tatizo lako hata kidogo: meli imebadilisha chanzo cha umeme. Ikiwa gatini inaweza kuwa inatumia umeme wa nchi kavu au jenereta yake moja, na wakati wa kuondoka mafundi wakahamisha mzigo. Umeme unaweza kukatika kidogo na kurudi. Subiri kidogo. Usipoona kitu, mwambie mhudumu. Kisanduku cha breka kwenye korido si chako, hata kama nyumbani wewe ndiye unayeitwa umeme ukikatika.

Simu iko kwenye chaji lakini asilimia haipandi, au inashuka

Hii ndiyo dalili inayoongoza ziwani, na sababu yake ya kwanza haina uhusiano na umeme. Ni mtandao. Meli ikishaiacha Mwanza nyuma, minara ya simu inabaki mbali. Simu inaongeza nguvu kutafuta mnara, inaupata, inaupoteza, inautafuta tena, usiku kucha. Ukiwa na laini mbili ndani ya simu moja, hesabu ni mara mbili. Betri inayodumu siku nzima mjini inaweza kuisha kabla ya alfajiri, na chaja dhaifu haitoshi kufidia kinacholiwa. Tiba ni ya bure: washa hali ya ndegeni mawasiliano yakishapotea. Ukitaka kuwaambia wa nyumbani umeondoka salama, waambie ukiwa bado unaona taa za Capri Point.

Ya pili ni kebo. Ipinde taratibu karibu na kichwa chake huku ukiangalia alama ya chaji kwenye kioo. Ikipotea na kurudi, waya umekatika ndani. Usiifunge kwa gundi ya plasta ukalala nayo kitandani.

Ya tatu ni uchafu kwenye tundu la simu. Nyuzi za mfukoni na vumbi hujishindilia ndani mpaka kichwa cha kebo kisikae. Zima simu, tumia kijiti cha meno cha mbao, toa polepole. Sindano na pini hapana, zinagusanisha vipini vya ndani.

Ya nne ni tundu la USB la ukutani au la kitandani. Mengi hutoa nguvu ndogo, yanafaa simu moja usiku mzima, hayafai tableti wala simu mbili kwa kigawanyio. Chaja yako ya kawaida kwenye soketi ya ukutani itakuwa na kasi zaidi.

Ya tano inawahusu wa baharini. Vyumba vya meli nyingi za kitalii vina soketi za aina mbili: ya Kimarekani ya miguu bapa yenye volti kama 110, na ya Kiulaya ya matundu mawili ya mviringo yenye volti 220 hivi. Geuza chaja yako usome maandishi madogo. Yakisema INPUT 100-240V, 50/60Hz, basi inakubali zote mbili na unachohitaji ni adapta ya umbo la miguu tu. Yakisema 220-240V, kama ilivyo kwa pasi na mashine nyingi za kunyolea, itumie kwenye soketi ya volti 220. Ukiichomeka kwenye 110 haitalipuka, itadhoofu tu: kifaa cha kupasha joto kwenye nusu ya volti hutoa takriban robo ya nguvu yake. Hatari iko upande wa pili. Kifaa ulicholetewa kutoka Marekani kilichoandikwa 120V peke yake, ukikitia kwenye soketi ya 220, kinatoa moshi palepale. Adapta haibadilishi volti. Inabadilisha miguu.

Jambo la pembeni, kwa wanaosafiri ukumbini bila chumba. MV Victoria, meli ya Mwanza na Bukoba, inaweza kuchukua abiria 1,200, na soketi za ukutani haziwezi kufikia idadi hiyo. Ukipata moja, kaa nayo. Simu inayochaji mbali na macho yako inaweza kushuka Kemondo kabla yako.

Ekstensheni imezuiwa langoni, au imechukuliwa chumbani

Nitakaa hapa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo watu hununua kitu cha bei kubwa wakidhani wamechagua salama, kumbe wamechagua kile kile kinachokatazwa.

Nenda pale Makoroboi, Mwanza, uulize ekstensheni nzuri. Muuzaji atakuambia: "Kaka, chukua hii, ina gadi ndani, umeme ukiruka inakata yenyewe." Kwa nyumba ya Nyamanoro au Igoma, amekushauri vizuri. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kinga ile inaokoa televisheni. Melini, kinga hiyo hiyo ndiyo inayofanya ekstensheni ikataliwe.

Sababu ni hii. Umeme wa TANESCO unafika nyumbani na nyaya mbili za kazi: laini na nyutro. Nyutro imefungwa ardhini huko kwenye transfoma, kwa hiyo volti yake kwa ardhi ni karibu na sifuri. Inayokupiga ni laini. Swichi ya ekstensheni inakata laini na unabaki salama.

Meli nyingi hazijafungwa hivyo. Jenereta inatoa nyaya mbili na hakuna hata moja iliyofungwa kwenye chuma cha meli. Zote mbili zina volti ukizipima na bodi, yaani mwili wa chuma wa meli. Walifanya hivyo kwa makusudi: waya mmoja ukigusa chuma mahali fulani, umeme haukatiki, usukani na pampu vinaendelea, na kengele inamwambia fundi wa meli aanze kutafuta palipogusa. Kwenye maji hilo ni jambo la maana sana.

Sasa leta ekstensheni yenye kinga. Ndani yake kuna vidude vidogo vya duara vilivyofungwa kati ya nyaya za kazi na waya wa ethi. Kazi yao ni kukaa kimya mpaka volti ipande sana, kisha kuufungulia umeme njia kwenda ardhini. Waya mmoja wa meli ukiwa tayari umegusa chuma huko chini kwenye chumba cha mitambo, ule mwingine unapanda volti yake yote kulinganisha na bodi. Kidude kinaona volti kubwa, kinafungua njia, na hali hiyo haiishi kwa sekunde moja kama radi, inaendelea. Kinapata moto, plastiki inayeyuka, na juu yake kuna shuka la kitanda. Isitoshe swichi ya ekstensheni inakata waya mmoja tu, na ule mwingine unabaki na umeme hata taa nyekundu ikizima. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama kuhusu vifaa hivi kwenye vyombo vya majini, na kampuni za meli za kitalii zinavipiga marufuku kwa majina.

Utaijuaje yako? Igeuze, soma kibandiko cha nyuma. Ukiona neno SURGE, au namba inayofuatwa na J au Joules, au kitaa kilichoandikwa PROTECTED, iache nyumbani. Gadi ya friji na gadi ya televisheni ziko kundi hilo hilo. Uzito si kipimo, wala bei.

Hata isiyo na kinga si kila meli inaikubali. Nyingine zinakataa ekstensheni ya aina yoyote yenye waya, nyingine zinakupa ya kwao ukiomba mapokezi. Uliza wakati wa kukata tiketi, kisha uliza tena ukifika. Kinachopita kwa urahisi zaidi ni chaja moja ndogo yenye matundu kadhaa ya USB, isiyo na waya mrefu wala kinga ndani. Chaja moja ya matundu manne inamaliza haja ya familia nzima kwenye soketi moja.

Ekstensheni ikichukuliwa, chukua risiti yako ya kuhifadhiwa na uidai siku ya kushuka. Usibishane na mlinzi kuhusu bei uliyonunulia.

Kwa safari za ziwani kanuni ni ya busara ile ile: usitundike ekstensheni yako kwenye soketi ya meli bila kumwuliza mhudumu, na usiburute waya kwenye njia ya watu wanaopita na mizigo gizani.

Ukichomeka kitu, umeme wa chumba au korido unakatika

Sababu ya kwanza, na iko mbali sana na zinazofuata: kifaa cha kupasha joto. Jagi la umeme, pasi, hita ya kuzamisha kwenye ndoo, mashine ya kukaushia nywele, jiko dogo la koili. Chaja ya simu inakula wati 5 hadi 30 na kitu. Chaja ya laptopu ni 45 au 65. Jagi la umeme linaweza kula 2,000 peke yake. Kwa volti 230 hizo ni karibu ampea 9 kutoka kwenye waya ambao chumba kizima kinategemea. Breka imefanya kazi yake. Meli za kitalii hazikubali vifaa hivi kabisa, na pasi ikionekana kwenye mashine ya ukaguzi inatolewa hata kama ni ya kusafiria. Chai omba jikoni. Nguo zikunje kwa kuviringisha, au tumia chumba cha pasi cha meli kama kipo.

Sababu ya pili ni vifaa vingi vidogo pamoja na kimoja kikubwa. Chomoa vyote, mwombe mhudumu arudishe umeme, kisha rudisha kimoja kimoja. Kile ambacho umeme unakatika kikiingia, ndicho.

Ya tatu ni kifaa kilicholowa au chenye waya uliochubuka. Mizigo iliyokaa sitahani ikipigwa mvua na mawimbi inaingia chumbani na unyevu wake. Spika kubwa za bluutufi na taa za sola wanazobeba wavuvi ziko hapa. Zikaushe kabla ya kufikiria kuzichaji.

SIMAMA ikiwa umeme umekatika mara mbili kwa kifaa kile kile, au breka ilikatika pamoja na cheche au mlio. Usimwombe mhudumu arudishe kwa siri. Mwambie ulichochomeka, kwa jina lake, ili fundi wa meli ajue anatafuta nini.

Ukigusa laptopu au simu inayochaji unahisi kutekenywa

Watu huiripoti kwa maneno tofauti: mgongo wa laptopu unawasha, simu ina mtetemo, kioo kinaruka ruka chenyewe ukikigusa. Mara nyingi sababu ni chaja ya miguu miwili isiyo na ethi. Ndani yake kuna kipande kinachochuja makelele ya umeme, nacho huvujisha mkondo mdogo sana kwenye bodi ya chuma. Kwa chaja halisi mkondo huo hauna madhara. Geuza plagi kama soketi inaruhusu, au tumia kifaa kikiwa hakichaji.

Inayofuata ni chaja yenye miguu mitatu iliyowekwa kwenye adapta ya miguu miwili. Ethi imeachwa njiani. Tafuta adapta yenye ethi.

Kisha chaja bandia. Ndani ya chaja nzuri kuna umbali uliopimwa kati ya upande wa volti 230 na upande wa volti 5 unaokwenda mkononi mwako. Chaja ya kuokoteza hubana umbali huo ili iwe ndogo na nyepesi. Chaja nyepesi kama kiberiti kitupu, isiyo na jina wala maandishi ya INPUT, usiende nayo kwenye chombo ambacho kuta na sakafu zake ni chuma. Nyumbani umevaa ndala juu ya saruji kavu. Melini umekanyaga bodi yenyewe, pengine miguu ikiwa na maji ya bafuni.

SIMAMA kama mkono umejivuta wenyewe, au kama unahisi umeme ukigusa bomba, fremu ya kitanda au kitasa cha mlango bila kushika kifaa chochote. Hilo si suala la chaja yako. Toka chumbani, waambie jirani, mwite mhudumu, na usirudi kuoga mpaka fundi aseme sawa.

Plagi au ekstensheni inapata moto, kuna harufu ya plastiki

SIMAMA kwanza, sababu baadaye. Zima swichi ya ukutani, chomoa kwa kushika plagi na si waya, na kama plagi imeshaanza kuyeyuka usiiguse, mwite baharia.

Kikishapoa, angalia. Mara nyingi utakuta ekstensheni juu ya ekstensheni, ya tatu ikiwa imechomekwa na mtu usiyemjua baada ya wewe kulala. Kinachofuata ni waya mwembamba kuliko namba iliyoandikwa. Waya wa milimita za mraba 0.75 ni wa ampea 6 hivi, na wa ampea 13 unahitaji 1.25. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda la waya wenyewe, usisome boksi. Waya usio na maandishi yoyote umeshakupa jibu. Mwisho ni waya uliobaki umeviringwa kwenye kibiringo chake huku ukibeba mzigo. Joto halina pa kutokea.

Doa la kahawia kwenye tundu la ekstensheni halisafishwi. Hiyo imekwisha, ikate waya kabla ya kuitupa ili mwingine asiiokote.

Pawabanki imevimba, ina joto, au inaisha kabla ya kujaza simu

Inayoisha mapema kwanza. Pawabanki nyingi za mtaani zimeandikwa namba ambazo haziwezi kuwa kweli. Hesabu yake ni rahisi: chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000, unapata wati-saa. Ya 20,000 mAh ni wati-saa 74, na inakuwa na ukubwa na uzito unaouhisi mkononi. Iliyoandikwa 100,000 mAh ingekuwa wati-saa 370. Kama inaingia mfuko wa shati, imekudanganya.

Namba hiyo ina kazi nyingine. Ukianza safari kwa ndege kutoka Mwanza kwenda kuipanda meli Zanzibar au Durban, pawabanki inakwenda nawe kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye begi la mizigo, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Kwa hiyo uongo wa muuzaji unaweza kukugharimu ukaguzini: wewe unajua ni ndogo, ofisa anasoma 100,000.

Joto la wastani wakati wa kuchaji ni kawaida. Usiifunike kwa blanketi wala kuiweka chini ya mto, na usiiache juani sitahani.

Ikivimba, yaani ukiiweka mezani inayumba au ganda limeachana pembeni, SIMAMA. Usiichaji, usiitumie, usiitoboe kutoa hewa. Iweke juu ya kitu kisichoungua, mbali na nguo, umwarifu mhudumu. Ikitoa moshi au mlio wa kuchemka, achana nayo, piga kelele za moto, ondoa watu. Usikimbie nayo mkononi katikati ya abiria kwenda kuitupa ziwani. Ukiwa nchi kavu namba ya Zimamoto ni 114.

Simu imelowa, inakataa chaji

Simu za sasa zikihisi unyevu kwenye tundu huonya na kukataa chaji. Zinasema kweli. Elekeza tundu chini, kung'uta taratibu, iache penye upepo saa kadhaa. Mchele hausaidii, unaingiza unga kwenye tundu. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, si ya chumvi, kwa hiyo ukiizima haraka na kuikausha una nafasi. Ikiwa ni maji ya bahari, chumvi inabaki ndani na kuendelea kula shaba hata baada ya kukauka, ipeleke kwa fundi wa simu mara mkishuka. Pawabanki iliyozama, ya ziwani au ya baharini, usiitumie tena.

Una mashine ya tiba

Mashine ya kusaidia kupumua usingizini, nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kama mvuke), kijokofu cha insulini: hizi hazisubiri siku ya safari. Mjulishe anayekukatia tiketi mapema, taja wati na volti zilizoandikwa kwenye kibandiko, uliza soketi iko umbali gani na kitanda na kama watakupa waya wao. Wengi watakupa, lakini si kama umefika saa moja kabla ya kuondoka. Beba barua ya daktari pamoja na mashine kwenye begi la mkononi. Ijaribu nyumbani usiku mmoja mzima ukitumia adapta ile ile utakayosafiri nayo. Ikizima usiku huo, mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA aangalie soketi na adapta kabla mashine haijapelekwa kwa anayeihudumia, kwa sababu mara nyingi kinacholegea ni adapta.